Singida, tuchonge gitaa la umeme

Ndugu zangu wa Singida, mlioko Mandewa na Utemini, Kiomboi na Nduguti, Ikungi, Manyoni hadi Itigi, na ninyi mliohamia Dar es Salaam lakini kuku wa Krismasi bado mnaagiza huku: mwaka huu nina ombi moja, na halihusu mchango wa harusi. Naomba tuchonge gitaa la umeme. Gitaa moja katika kila kata, lichongwe nyumbani au kwenye karakana ya jirani, kwa mabaki ya mbao, waya wa adapta mbovu na nta ya nyuki wa Manyoni, kisha likae mahali ambapo kijana yeyote wa kata hiyo anaweza kulishika.

Mtu ataniuliza: gitaa si linauzwa Kariakoo? Linauzwa, na mwenye nazo anunue. Tatizo ni kwamba gitaa la dukani likifika Iguguno, siku tundu la waya litakapolegea ndiyo siku litakapotundikwa ukutani, maana hakuna aliyewahi kuona lilivyo ndani. Kwaya kadhaa ninazozifahamu zinalo gitaa la namna hiyo: nyuzi nne zimebaki kati ya sita, vumbi limejaa, na kinanda kimeshachukua kazi yake. Sina ugomvi na kinanda. Ila kijana anayetaka kujifunza kupiga solo hatajifunzia kwenye chombo kinachofungiwa kabatini kila ibada inapokwisha.

Hili la kufungia vyombo lina historia ndefu nchini kwetu, nalo ndilo linalonisukuma kuandika. Muziki wa dansi tunaousikia redioni usiku na kuwakumbuka wazazi wetu ulipigwa kwa vyombo ambavyo wapigaji wengi hawakuvimiliki. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana. Mlimani Park ilizaliwa mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, na lile shirika lilipoiacha, shirika la maendeleo la jiji la Dar es Salaam likaichukua. Utaratibu huo ulitupa mengi mazuri, sikatai: mshahara wa mwezi, ukumbi, na vyombo ambavyo mtu mmoja asingeweza kuvinunua. Lakini mpiga solo aliyejulikana nchi nzima alikuwa akihama bendi anaondoka na vidole vyake tu. Gitaa lilibaki stoo. Leo mashirika yale hayanunui tena magitaa, na stoo zenyewe hazipo. Kijana wa Ilongero amebakiwa na vidole, na gitaa halioni.

Kwa hiyo ninachoomba ni gitaa lililo mkononi mwa anayelipiga, ambalo likiharibika yeye mwenyewe anajua pa kuanzia kulifungua.

Wapo waliotangulia. Mwaka 1963, huko London, kijana wa shule aitwaye Brian May hakuwa na fedha za kununua gitaa la umeme lililokuwa likitamaniwa wakati ule. Baba yake, Harold, alikuwa mtaalamu wa elektroniki. Wakaamua kutengeneza lao nyumbani. Shingo waliichonga kutoka kwenye mbao kuukuu ya fremu ya meko ya kuotea moto. Matundu ya wadudu waliyoyakuta humo waliyaziba kwa njiti za kiberiti. Sehemu ya mwili ilitoka kwenye meza chakavu. Springi zilikuwa za injini ya pikipiki ya zamani, na alama za kuonyesha mahali pa kuweka vidole zilikuwa vifungo vya nguo kutoka kwenye sanduku la ushonaji la mama yake. Kazi iliwachukua kama miaka miwili, na gharama yote inatajwa kuwa pauni 8 hivi. Gitaa hilo, maarufu kwa jina la Red Special, ndilo alilolipiga miaka yote akiwa na bendi ya Queen, kando ya Farrokh Bulsara, mzaliwa wa Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1946, ambaye dunia inamjua kama Freddie Mercury. Mwaka 2002 May alisimama nalo juu ya paa la jumba la Malkia wa Uingereza akapiga wimbo wa taifa lao.

Bendi hiyohiyo ilikuwa na mpiga besi, John Deacon, aliyekuwa amesomea elektroniki. Yeye aliokota kipande cha saketi jalalani, akakitia kwenye boksi la spika, akakiunganisha na betri ya volti 9. Amplifaya hiyo ya takataka imesikika kwenye rekodi zao nyingi. Nikiangalia vibanda vya mafundi redio wetu, na yale marundo ya mabodi ya sabufa zilizokufa, sioni tulichopungukiwa.

Tusiende mbali hivyo kila mara. Kinshasa, mzee Mingiedi Mawangu na wenzake wa Konono N°1 walikuwa na likembe, ndugu ya ilimba ya majirani zetu Wagogo. Kelele za jiji zilipoimeza sauti yake, walichukua sumaku za vipuri vya magari, wakasuka waya, wakaifanya likembe iwe ya umeme. Miaka ya 2000 dunia nzima ikawafuata kutaka kujua mlio ule umetoka wapi. Kinshasa pia yuko fundi Misoko, ajulikanaye kwa jina la Socklo, aliyewatengenezea wanamuziki wa mji ule magitaa kwa miongo mingi katika karakana yake ya kawaida kabisa.

Sasa tuige gitaa gani? Kulichonga la May ni kazi ngumu, tuliache kwanza. Ushauri wangu ni tuige lile linaloitwa Telecaster. Lilitoka mwaka 1950 huko Fullerton, California, na aliyelibuni, Leo Fender, alikuwa fundi redio. Kupiga gitaa hakujua. Alitaka kitu ambacho fundi wa kawaida anaweza kukitengeneza haraka na kukitengeneza tena kikiharibika: ubao mmoja bapa, usio na tumbo wala uvungu, na shingo inayofungwa kwa skrubu nne. Shingo ikiharibika, unafungua skrubu, unaweka nyingine. Gitaa la sampuli alilianza kwa mbao ya paini, ambayo sisi inatufikia kwa malori kutoka Sao Hill, Mufindi, na kila seremala wa Singida anayo.

Mwili wake ni kama sentimita 40 kwa 33, unene milimita 45. Mbao mbili za 2 kwa 8 zikiunganishwa kwa gundi na kupigwa randa zinatosha na kubaki. Ukipata mninga ni bora zaidi, kwa sababu mninga ukishakauka hautanuki wala kusinyaa ovyo. Lakini naomba sana, na hapa nitakuwa mkali kidogo: asiende mtu porini Itigi na shoka kwa kisingizio cha gitaa. Miti ile ina vibali vyake kwa Wakala wa Huduma za Misitu, na gitaa moja halihitaji mti. Linahitaji kitanda cha bibi kilichovunjika mguu, mlango wa zamani, au vile vipande ambavyo maseremala wetu huishia kuvipa mama lishe akawashie moto. Mbao ya kitanda cha miaka thelathini imekauka kuliko yoyote utakayouziwa leo. Na kama mbao ni mpya, hali ya hewa ya kwetu, inayotulalamisha mwaka mzima, ndipo inapotufaa: kuanzia Mei hadi Oktoba hakuna mvua ya maana, na upepo wa Singida hausimami. Panga mbao kivulini, zitenganishwe na vijiti, uache upepo ufanye kazi.

Shingo ndiyo inayotaka subira. Nyuzi sita za chuma za saizi ya kawaida zikikazwa barabara huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 45, karibu mfuko mzima wa saruji, mchana na usiku. Fender mwenyewe aliteleza hapa. Shingo zake za mwanzo hazikuwa na chuma ndani, zikapinda, magitaa yakarudishwa, naye akaanza kuzitia fito ya chuma. Sisi tuanzie pale alipofikia. Fundi wa magrili ana vipande vya bomba jembamba la mraba. Kimoja kikilazwa kwenye mfereji katikati ya shingo, juu yake kikabandikwa kibao chembamba cha mninga au mpingo, shingo haitapinda kirahisi.

Halafu freti, vile vichuma vinavyokata shingo, ambavyo kidole hukandamiza uzi nyuma yake. Hapa walimu wa hesabu wa sekondari zetu nawaomba wasogee karibu, maana hili ni somo ambalo mwanafunzi hatauliza litamsaidia nini maishani. Kutoka mwanzo wa shingo hadi kwenye daraja, uzi wa Telecaster una urefu wa milimita 648. Gawanya kwa 17.817, unapata 36.4: hapo ndipo freti ya kwanza. Chukua urefu uliobaki, ugawanye tena kwa 17.817, unapata 34.3: freti ya pili iko milimita 70.7 kutoka mwanzo. Endelea hivyohivyo. Ukifika freti ya 12 lazima uwe umetua nusu kamili ya uzi, milimita 324. Usipotua hapo, umekosea mahali, rudi nyuma kabla hujashika msumeno. Kosa la milimita moja sikio litalisikia kila siku, na hakuna msasa wa kulifuta. Kwa vichuma vyenyewe, gitaa bovu la kwaya linaweza kuchangia. Wapo pia wanaotumia spoku za baiskeli, zikakatwa na kulazwa kwenye mifereji kwa gundi kali. Si nzuri kama za kiwandani, lakini zinaimba.

Kilichobaki ni roho ya gitaa, ile koili ya sumaku chini ya nyuzi ambayo wapigaji huiita pikapu. Inafanya kazi kwa kanuni ileile ya dainamo ya baiskeli: chuma kinatikisika karibu na sumaku, umeme mdogo unazaliwa kwenye waya. Ndiyo maana nyuzi za nailoni, au mishipi tuliyofunga kwenye magitaa ya madebe utotoni, hazitatoa sauti yoyote hapa; lazima ziwe za chuma. Pikapu ya kawaida huzungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, kati ya mizunguko 7,000 na 8,000. Waya wa aina hiyo umo ndani ya zile adapta nzito za zamani, upande unaopokea umeme wa ukutani. Sumaku zinatoka kwenye spika zilizopasuka. Anayesuka mota za pampu anao mkono wa kazi hii tayari, ingawa atalalamika kwamba waya ni mwembamba mno na unakatika. Ukikatika, unaunga kwa lehemu, unaendelea.

Koili ikiachwa hivi hivi, sauti ikipandishwa itapiga yowe, kwa kuwa nyaya zinatetemeka zenyewe kwa zenyewe. Dawa yake ni nta. Viwandani huzamisha pikapu kwenye nta ya moto ili ijae katikati ya nyaya, na sehemu ya nta hiyo ni ya nyuki. Ndugu zetu wa Manyoni na Itigi, mnaokamua asali na wakati mwingine kutupa masega, hapa mnahitajika kuliko mnavyojua. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzijoto 62 hadi 64. Iyeyusheni kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji, kamwe msiiweke moja kwa moja juu ya moto, maana inawaka.

Nimewataja maseremala, mafundi redio, wasuka mota, wachomelea magrili na warina asali. Niongeze mafundi wa kerezo. Mkoa huu unaishi kwa alizeti, na mashine za kukamulia mafuta zimetufundishia watu wanaoweza kukereza kipuri wakiwa wameona tu kile kilichovunjika. Daraja la gitaa, na zile skrubu ndogo za kupandisha na kushusha uzi, kwao ni kazi ya kabla ya chai. Naomba kila mmoja atoe nusu siku. Siwaombi mtoe bure milele. Gitaa la kwanza la kata liwe la kujitolea, la pili mtu alipie. Kijana aliyeona la kwanza likitengenezwa ndiye atakayekuja kununua mbao, lehemu na kerezo kwenu kwa la pili na la tatu. Na wakiungana watano wenye nia, ile mikopo ya halmashauri kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu haijasema popote kwamba ni ya kuku na bodaboda pekee.

Walimu wa ufundi, nanyi nawasihi. Sera ya elimu toleo la 2023 imeleta mkondo wa amali, na shule nyingi bado zinajiuliza zifanye nini bila mashine. Katika gitaa moja kuna useremala, umeme, hesabu, uchomeleaji na muziki. VETA Singida na SIDO wako mjini hapa, na milango yao haijawahi kuandikwa kwamba maswali hayaruhusiwi.

Neno kwa wazazi kuhusu usalama, kisha nitawaacha. Gitaa lenyewe halina umeme wa kuua. Pikapu haiunganishwi na ukuta. Hatari iko kwenye amplifaya. Mtoto asifungue sabufa iliyochomekwa, wala iliyochomolewa dakika hiyohiyo. Atumie saketi ndogo ya betri ya volti 9 au 12, ile ya sola, na kazi yoyote ya volti 230 aiache kwa fundi. Miwani ya kulinda macho ivaliwe wakati wa kukaza nyuzi, hasa kama ni nyuzi za kubahatisha za waya wa breki, ambazo hukatika bila kuaga.

Na tafadhali, msichore jina la Fender kwenye kichwa cha gitaa. Jina ni mali ya mtu. Umbo la ubao tunajifunzia, lakini kichwa tukichonge kwa namna yetu na kukiandika jina letu. Mimi ningeandika Singidani, kwa ajili ya ziwa. Watu wa Kindai watanikasirikia, nao wana haki ya kuandika lao.

Gitaa la kwanza litakuwa na kasoro. Litakuwa zito, na uzi wa sita pengine utakoroma kwenye freti ya tatu. Ndipo tunapowahitaji ninyi wazee wetu mliowahi kupiga, kwenye dansi, kwenye kwaya, hata kwenye bendi ya shule. Mnajua uzi unapaswa kukaa juu kiasi gani, mnajua kidole kinachotambaa na kinachokimbia. Morogoro Jazz, na Mbaraka Mwinshehe akiwa mpiga solo wao, walifika hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya mwaka 1970; kuna kati yenu wanaokumbuka alivyokuwa akipanga vidole, na hilo hakuna kitabu kitakachomwambia mtoto wa Shelui. Mzee, akija kwako na ubao wenye nyuzi, usimcheke sana. Mcheke kidogo, halafu umtunie.

Tuanze na vitu vidogo wiki hii. Mwenye spika iliyopasuka asiitupe. Mwenye gitaa bovu la kanisa aombe ruhusa ya baraza la wazee alifungue, kwa sababu funguo za kukazia nyuzi zilizomo humo ndicho kifaa kigumu kuliko vyote kukitengeneza. Mwenye adapta nzito ampelekee fundi redio wa mtaani kwake. Na wewe unayepanda basi stendi ya Misuna kwenda Dar, ukifika Kariakoo uliza nyuzi za gitaa la umeme, saizi ya 10, uchukue seti mbili: moja ya kata yako, na nyingine ya kata utakayoipita njiani ukirudi.